Mwongozo Kamili: Jinsi ya Kujiandaa kwa Warsha ya Kupiga Picha za Dubu Porini

Mtu akishalipia warsha ya kupiga picha za dubu, swali la kwanza huwa ni lenzi. Ni swali zuri na tutalifikia, lakini kuna lililo mbele yake: umbali. Porini huchagui wewe utakaa mita ngapi kutoka kwa dubu. Sheria ya hifadhi inaweka mpaka wake, mwongozaji anaongeza wake, na dubu mwenyewe ndiye mwenye neno la mwisho. Akitaka kupita karibu nawe atapita, na akitaka kubaki ng'ambo ya mto siku nzima hakuna wa kumvuta. Kwa hiyo maandalizi yote, tangu msimu unaouchagua hadi soksi unazovaa, ni maandalizi ya kufanya kazi katika umbali ambao hukuupanga wewe.

Hatua ya kwanza: amua ni dubu yupi, wapi na lini

Dubu wa kahawia wa pwani ya Alaska ndiye anayewavuta wengi, na sababu ni chakula. Samoni wanapopanda mito kwenda kutaga, dubu ambao kwa kawaida hawapendi kukaribiana huvumiliana, kwa kuwa kuna cha kumtosha kila mmoja. Ndiyo maana pale Brooks Falls, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Katmai, mwezi Julai unaweza kuona dubu kadhaa wamejipanga kwenye maporomoko mamoja, na ile picha ambayo kila mtu ameiona, samaki akirukia mdomoni mwa dubu, hupigwa hapo. Agosti wengi wao hutawanyika kufuata vijito vingine. Septemba hurudi wakiwa wanene, wakiokota samoni waliochoka au kufa baada ya kutaga. Unayetaka samaki wa kuruka, nenda Julai. Unayetaka dubu mnono mwenye manyoya mazito, nenda Septemba. Hizo ni safari mbili tofauti, na ukienda katikati unaweza kukosa zote mbili.

Kwenye fukwe za bahari za Hifadhi ya Taifa ya Lake Clark, pia Alaska, na ghuba za pwani ya Katmai, msimu huanza mapema zaidi. Juni dubu hula majani mabichi ya vinamasi vya maji chumvi na kuchimba kombe kwenye matope maji yanapokupwa. Watoto waliozaliwa pangoni Januari au Februari wameshatoka na mama zao, na madume bado wanazunguka kutafuta majike. Hakuna maporomoko, lakini kuna nyasi za kijani, milima yenye theluji nyuma na mwanga wa jioni ndefu. Mimi ningemshauri anayeanza aende huko kabla ya kwenda kwenye maporomoko: nafasi ni kubwa, msongamano wa watu ni mdogo, na utajifunza kumsoma dubu akiwa ametulia.

Mto McNeil, pia Alaska, una utaratibu wa pekee. Kuingia ni kwa bahati nasibu inayoendeshwa na idara ya wanyamapori ya jimbo, mwisho wa maombi ni Machi 1, na kila siku kundi linalokwenda kuwatazama dubu halizidi watu 10 wakiongozana na watumishi wa idara. Huko wamewahi kuhesabiwa dubu 74 kwa wakati mmoja. Ukipata nafasi, panga mengine yote kuizunguka.

Nje ya Alaska, kila mahali pana namna yake ya kufanya kazi. Mashariki mwa Ufini, karibu na mpaka wa Urusi, utakaa kwenye kibanda cha kujificha tangu alasiri hadi asubuhi, na dubu huja kwa sababu wamewekewa chakula. Sina ugomvi na vibanda hivyo. Usalama wake ni mzuri na mwanga wa usiku wa kiangazi hauna mfano. Ila jua unachonunua, na ukiichapisha picha usimwambie mtazamaji kwamba ulimfuatilia dubu msituni. Katika British Columbia, Kanada, kazi nyingi hufanyika kutoka kwenye boti, kwa hiyo tripodi yako ya bei mbaya, ile stendi ya miguu mitatu, itabaki sandukuni. Dubu wa ncha ya kaskazini ni habari nyingine kabisa: katika mji wa Churchill, pia Kanada, hupigwa picha Oktoba na Novemba kutoka kwenye magari marefu ya matairi makubwa, na kwenye visiwa vya Svalbard, Norwe, tangu 2025 sheria inakutaka ukae angalau mita 300 kutoka kwa dubu, na mita 500 kati ya Machi 1 na Juni 30.

Hatua ya pili: mhoji mwandaaji

Kabla ya kutuma malipo ya awali, andika maswali na udai majibu ya maandishi. Je, dubu ni wa porini au wa kufugwa? Usione haya kuuliza, maana zipo warsha zinazouza wanyama wa zizini kwa maneno matamu ya porini. Je, mwandaaji ana kibali cha biashara katika hifadhi husika? Kila mwongozaji anasimamia watu wangapi? Watu sita kwa mwongozaji mmoja ni kazi inayowezekana. Wakiwa kumi na mbili, nusu watapiga picha za migongo ya wenzao. Anayewaongoza ni mjuzi wa dubu, mjuzi wa kamera, au mmoja amebeba kazi zote mbili? Ningependa wawe wawili. Mtu anayekuelekeza kurekebisha mwangaza hawezi wakati huohuo kumwona dume anayetokea vichakani nyuma yenu.

Uliza pia wana kinga gani mkononi. Waongozaji wa pwani ya Alaska hubeba dawa ya pilipili ya kupulizia, fataki za mkononi za kuwaka, wengine bunduki. Uliza nini kinatokea ukungu ukizuia ndege siku mbili: nani analipa, mnalala wapi, fedha zinarudi au hazirudi.

Kisha uliza: "Huwa mnakaribia dubu kiasi gani?" Mwandaaji mzuri atajibu kwa kueleza sheria ya eneo na jinsi wanavyomwacha dubu aamue. Anayejisifu kwamba atakufikisha hatua tano, achana naye. Tazama na picha zake za matangazo. Kama katika nyingi dubu ameacha kula, amekaza macho kwenye kamera na masikio yamelala nyuma, picha hizo zinakueleza jinsi kundi lake linavyowasumbua wanyama.

Bima isisahaulike, na iwe inayolipia kuhamishwa kwa ndege kutoka mahali pasipo na barabara. Bima nyingi za kawaida za safari zina vifungu vinavyoiacha nje gharama hiyo, kwa hiyo soma maandishi madogo.

Hatua ya tatu: msome dubu kabla hujakutana naye

Hapa ndipo ningetumia muda mwingi kuliko hatua nyingine zote, na hakuna gharama. Kamera za moja kwa moja za Brooks Falls zipo mtandaoni kila kiangazi. Kaa utazame nusu saa kwa siku, huku ukijiuliza: dubu huyu atafanya nini sasa? Baada ya wiki mbili utaanza kuona mambo. Dume mkubwa akiingia mtoni, wadogo huondoka kabla hajawafikia. Anayevua kwa kusimama juu ya maporomoko hukaza shingo kabla samaki hajaruka. Jike mwenye watoto huinua kichwa mara kwa mara, na akigeukia upande mmoja kwa sekunde kadhaa, ujue kuna kitu kinakuja kutoka huko. Ujuzi huo utakupa picha nyingi kuliko lenzi yoyote, kwa sababu kidole kitakuwa tayari kabla ya tukio.

Jifunze na ishara za wasiwasi. Dubu anayesimama kwa miguu miwili kwa kawaida anatazama au kunusa vizuri zaidi. Si lazima awe anatisha. Wa kumwangalia ni yule anayepiga miayo bila usingizi, anayetokwa mate, anayepumua kwa kishindo, anayegonganisha meno, au anayekuonyesha ubavu wake na kukaza miguu. Hizo ni dalili kwamba amebanwa. Ukiziona, kazi ya picha imesimama hata kama mwanga ni wa dhahabu. Mwambie mwongozaji kwa sauti ya kawaida, ufuate anachosema.

Usikimbie, kamwe. Dubu wa kahawia anaweza kukimbia karibu kilomita 56 kwa saa, na kumkimbia ni kumwalika akufuate. Kundi likae pamoja, limeshikamana, lionekane kitu kimoja kikubwa kilichotulia.

Sheria za umbali zinatofautiana, na ni wajibu wako kuzijua badala ya kumwachia mwongozaji. Katmai hairuhusiwi kumkaribia dubu chini ya yadi 50, karibu mita 46. Hifadhi ya Yellowstone ni yadi 100, mita 91. Hifadhi ya Denali, ndani ya bara huko Alaska, ni yadi 300, kama mita 275. Tofauti hizi zina sababu: dubu wa pwani anayeshiba samoni amezoea kuwa na wenzake karibu, lakini dubu wa bara anayeishi kwa mizizi na matunda huhitaji nafasi kubwa zaidi. Ukihamisha mazoea ya Katmai kwenda Denali unajitafutia balaa. Agosti 2012 mtu aliyekuwa akitembea peke yake Denali aliuawa na dubu, tukio la kwanza la aina hiyo kujulikana katika historia ya hifadhi ile. Ndani ya kamera yake zilikutwa picha za dubu alizopiga kwa dakika kadhaa, mnyama akila bila dalili ya hasira. Dubu aliyetulia kwenye kioo cha kamera anaonekana yuko mbali, kumbe lenzi imekufungia macho usione kinachobadilika.

Dawa ya pilipili ukipewa, ivae kiunoni, usiiweke ndani ya mkoba. Hupulizwa dubu anapokuja na yuko karibu, kwa makopo mengi mita 6 hadi 9 ndio mwisho wake, na upepo una kauli yake. Haipakwi mwilini wala kwenye hema kama dawa ya mbu. Inasikitisha kwamba bado inabidi kulisema hili. Tena hairuhusiwi kwenye ndege za abiria, si ya mkononi wala ya chini, kwa hiyo utainunua au kuazima ukishafika.

Hatua ya nne: piga hesabu ya lenzi

Sasa lenzi. Badala ya kuuliza watu, piga hesabu. Kwenye kamera ya fremu kamili, yaani ambayo sensa yake (kipande kinachopokea picha) ina upana wa milimita 36, upana wa eneo linaloonekana ni milimita 36 gawanya kwa urefu wa lenzi, zidisha kwa umbali. Chukua mita 46 za Katmai. Lenzi ya milimita 600 itakuonyesha upana wa mita 2.8 hivi, yaani dubu mzima wa ubavuni anaijaza fremu. Lenzi ya 400 itakuonyesha mita 4.1: dubu na kipande cha mto. Ya 200 itakuonyesha mita 8.3, na hapo dubu amekuwa sehemu ya mandhari. Kamera yenye sensa ndogo ya APS-C inabana zaidi. Lenzi ya 400 juu yake huona kama 600. Fanya hesabu hiyohiyo kwa mita 91 na utaelewa kwa nini anayekwenda Yellowstone na lenzi ya 300 hurudi na nukta za kahawia.

Kwa safari moja, lenzi ya kuvuta ya 100-400 au 150-600 inamtosha mtu wa kawaida, tena ni bora kuliko lenzi kubwa isiyovutika, kwa sababu dubu husogea na wewe husogei. Lenzi nzito ya 500 au 600 yenye upenyo wa f/4, yaani tundu kubwa la kupitisha mwanga, ni tamu alfajiri na jioni, lakini ibebe tu kama umeshazoea uzito wake. Unaweza kuikodi. Ukikodi, ipokee wiki moja mapema, isiwe usiku wa kuamkia safari. Telekonvata, kile kiungo cha kurefusha lenzi, ya 1.4 inakula stopu moja ya mwanga, yaani nusu yake, ya 2 inakula mbili. Kwenye mawingu mazito ya pwani utaihisi hasara hiyo.

Usiache nyumbani lenzi pana. Watu huisahau, halafu dubu yuko mita 150 chini ya mlima wenye barafu na mawingu yanapasuka, na wao wanahangaika kubana uso. Picha zinazokaa ukutani kwa miaka mara nyingi ni zile ambazo dubu ni mdogo na mahali ni pakubwa. Ya 24-70 au 24-105 inatosha.

Ikiwa nafasi ipo, beba kamera mbili, moja na lenzi ndefu, nyingine na fupi. Kubadilisha lenzi mvuani, juu ya matope, wakati jike na watoto watatu wanavuka mto, hakufai.

Kuhusu tripodi, sharti moja: iweze kushuka hadi usawa wa kifua chako ukiwa umeketi. Ukimpiga dubu ukiwa umesimama, unampiga kutoka juu na anaonekana ametandazwa kwenye nyasi. Ukishuka kwenye usawa wa macho yake, mandhari ya nyuma inasogea mbali na kuwa laini, naye anapata hadhi yake. Monopodi, ya mguu mmoja, ni nyepesi na inakubalika karibu kila mahali. Uliza kwanza, kwa maana kwenye majukwaa yaliyojaa watu mambo hubadilika. Droni iache: tangu 2014 imepigwa marufuku katika hifadhi za taifa za Marekani.

Hatua ya tano: weka kamera tayari ungali nyumbani

Manyoya ya dubu yanakidanganya kipima mwanga cha kamera kwa njia mbili zinazopingana. Dubu mweusi au wa kahawia iliyokolea akiijaza fremu, kamera hudhani kuna giza, huongeza mwanga, na manyoya yanachujuka. Punguza theluthi mbili ya stopu hadi stopu moja. Lakini dubu huyohuyo akiwa mdogo mbele ya povu jeupe la maporomoko, kamera huona weupe mwingi, hupunguza mwanga, na dubu anageuka kivuli bila macho. Hapo ongeza, ukiangalia povu lisiungue. Dubu wa ncha ya kaskazini kwenye theluji huhitaji nyongeza ya stopu moja au zaidi. Jizoeze kuisoma histogramu, ile grafu ya mwangaza, badala ya kuuamini uangavu wa kioo cha nyuma, ambacho juani hudanganya. Piga RAW, yaani faili ghafi, ubaki na nafasi ya kurekebisha.

Kasi ya shata, yaani muda ambao kamera hupokea mwanga, ndiyo inayoamua aina ya picha. Samaki anayeruka na maji yanayopasuka vinahitaji 1/1600 au 1/2000 ya sekunde. Dubu anayetembea anaridhika na 1/500, anayekimbia majini mpe 1/1250. Ukitaka maji yaonekane kama hariri na dubu aliyesimama tuli katikati, shuka hadi 1/15 ukiwa na tripodi, upige nyingi, kwa sababu hata dubu aliyetulia anapumua. ISO, yaani wepesi wa sensa kuhisi mwanga, ya 3200 au 6400 isikutishe. Chenga huondolewa kwa programu, picha iliyotikisika haiponi.

Kuna kosa moja la upenyo linalojirudia kwa watu wenye lenzi nzuri. Kwenye milimita 600 na f/4, mita 46, kina cha eneo lililo kwenye fokasi ni kama mita 1.4, kinatosha. Lakini dubu akiamua kupita mita 15 mbele yenu, kina hicho kinashuka hadi kama sentimita 15. Akikukabili, jicho litakuwa kali na pua itakuwa ukungu. Akisogea, funga upenyo hadi f/8. Hili lifanye kwa kidole, bila kuangalia.

Namna ya kufika hapo ni kuhifadhi mipangilio kwenye vitufe vya C1, C2 na C3 vya kamera, au vyovyote vinavyoitwa kwenye yako. Cha kwanza kiwe cha tukio la kasi, cha pili cha dubu aliyetulia karibu, cha tatu cha maji laini. Washa utambuzi wa jicho la mnyama, na weka kitufe kingine cha fokasi ya nukta moja, kwa sababu nyasi ndefu mbele ya uso wa dubu huichanganya kamera. Kama kamera yako inapiga kimya, tumia kimya, ila jaribu kwanza kama vitu vinavyokwenda kasi vinapinda.

Halafu fanya mazoezi. Mbwa anayekimbilia mpira ni mwalimu mzuri wa fokasi. Bata wanaotua ziwani pia. Mbwa mweusi mbele ya ukuta mweupe atakufundisha ule mgogoro wa mwangaza. Keti chini kwenye mkeka, kamera ikiwa kwenye tripodi fupi, uone magoti yanasemaje baada ya saa moja. Fumba macho ubadilishe ISO, kasi na upenyo. Ukishindwa, hujawa tayari, na bado unao muda.

Hatua ya sita: mzigo na mavazi

Ndege ndogo zinazotua majini au ufukweni hupima kila kitu, nawe pamoja. Kikomo cha mzigo mara nyingi ni kilo 20 hivi, vifaa vya kamera vikiwemo, na mikoba inatakiwa iwe laini, isiyo na magurudumu wala kuta ngumu. Pima nyumbani kwa mizani, usikadirie kwa mkono. Betri za akiba za lithiamu lazima ziwe kwenye mzigo wa mkononi katika ndege kubwa. Beba betri nne au zaidi, kwa sababu baridi hupunguza nguvu zake, na uziweke mfuko wa ndani karibu na mwili.

Kadi za kumbukumbu nazo zihesabiwe. Kamera inayopiga picha 20 kwa sekunde, kila moja ya MB 40, inakula GB 2.4 kwa sekunde tatu za samaki mmoja. Kadi ya GB 64 inaweza kujaa kabla ya chakula cha mchana.

Nguo ziwe za tabaka: ya ndani ya sufu au ya kitambaa kinachokauka upesi, ya kati ya joto, ya nje ya kuzuia mvua na upepo. Pamba ikilowa haikauki na inaiba joto. Koti la mvua lisiwe la kuparuza kila unapoinua mkono. Rangi tulivu zinatosha. Huhitaji mavazi ya kijeshi, dubu ameshakunusa zamani. Ghuba nyingi huvukwa kwa miguu, kwa hiyo utahitaji suruali ya mpira inayofika kifuani, na mkanda wa kiunoni ufungwe ili maji yasijae ukianguka. Kama utapewa na mwandaaji, mpe namba ya kiatu chako ukihesabu na soksi nene ndani yake. Ongeza wavu wa kichwa wa mbu, glavu nyembamba zinazoruhusu kidole kuhisi kitufe, mkeka wa kukalia, taulo mbili za kufutia lenzi na mfuniko wa mvua wa kamera. Manukato na mafuta yenye harufu kali yaache.

Ukitoka kwenye baridi kuingia kwenye chumba chenye joto, mkoba wa kamera ubaki umefungwa hadi vifaa vifikie joto la chumba. Ukiufungua mara moja, mvuke utageuka maji kwenye vioo, na asubuhi utakuwa unapiga ukungu wako mwenyewe.

Ongeza siku moja ya akiba kila upande wa safari. Ukungu wa pwani hauna habari na tiketi yako. Mazoezi ya mwili nayo yaanze miezi miwili kabla: tembea na mkoba wa kilo 10, uwe unapiga magoti na kuinuka nao. Tope la ufukweni huvuta buti, na mwendo wa kilomita mbili humo unachosha kuliko kumi za barabarani.

Hatua ya saba: mkiwa mbele ya dubu

Brooks Camp, kambi ya kufikia Brooks Falls, kila mgeni hupitia somo la tabia za dubu akifika, kabla hajaruhusiwa kuzunguka. Hata kama wewe unakwenda kwingine, mwongozaji atatoa maelekezo kama hayo asubuhi ya kwanza. Sikiliza bila kamera mkononi.

Kundi litembee pamoja na likae pamoja. Anayejitenga hatua ishirini ili apate pembe yake ya peke yake anaharibu picha za wote na anampa dubu vitu viwili vya kuwazia badala ya kimoja. Mkishaketi, ketini. Dubu wanazoea upesi kitu kisichobadilika. Wanachokikimbia ni watu wanaoinuka, wanaohama, wanaonong'onezana kwa msisimko. Kuongea kwa sauti ya kawaida ni bora kuliko kunong'ona. Msikae kwenye njia zao, zile zilizokanyagwa kando ya mto, wala kati ya jike na watoto wake. Wakati mwingine jike huja kulaza watoto karibu na watu, kwa sababu madume wakubwa huepuka upande huo. Ni zawadi kubwa, na ni wakati wa kutulia kuliko nyakati zote.

Chakula hakiliwi hovyo. Biskuti moja mfukoni inatosha kumfundisha dubu kwamba mikoba ina chakula, na anayelipia somo hilo mara nyingi ni dubu, kwa risasi. Usiache mkoba chini ukaenda kando hata kujisaidia. Mwambie mwongozaji, atakuelekeza pa kwenda na nani wa kukusindikiza.

Katika kupiga, pumzisha jicho kila baada ya dakika chache. Toa uso kwenye kamera, tazama pande zote, nyuma pia. Hapo ndipo utaona yule dubu wa pili anayekuja, na pambano lao litatokea ukiwa tayari. Usipige mfululizo kila anapotikisika. Subiri kichwa kiinuke, mwanga uingie jichoni, mguu wa mbele uwe umenyanyuka, maji yadondoke kidevuni. Picha za uso ukishapata kumi nzuri, inatosha. Sogea kwenye tabia: kunyonyesha, kukosa samaki, kugombana, kulala na makucha yakiwa juu. Siku ya mawingu usinung'unike, manyoya hupendeza zaidi chini ya mwanga laini kuliko jua kali la mchana.

Hatua ya nane: jioni

Nakili kadi zote kwenye diski mbili kabla ya kula, na usifute kadi hadi nakala zote mbili zifunguke. Chaji betri, kausha tripodi, futa chumvi kwenye lenzi kwa kitambaa chenye unyevu kidogo kisha kikavu. Suuza viungo vya miguu ya tripodi kwa maji baridi; mchanga wa bahari hula nyuzi zake.

Kisha pitia picha za siku ukitafuta jambo moja tu la kurekebisha kesho: kasi ilikuwa ndogo, ulikaa juu mno, ulibana mno. Mpelekee mwalimu picha tatu zilizoshindikana badala ya tatu bora, umwulize kwa nini. Hiyo ndiyo warsha uliyoilipia. Uliza saa ya maji kupwa kesho, kwa sababu ndiyo itakayopanga saa ya kuondoka. Katika sehemu za juu za Cook Inlet, ghuba ya Alaska, tofauti ya maji kujaa na kupwa inaweza kufika mita 9, na ndege au boti haimsubiri aliyekuwa anatafuta glavu. Panga mkoba usiku huohuo, betri zikiwa ndani, kadi zikiwa tupu, kitufe kikiwa kwenye C1.